Mwacheni, Anasomea Udaktari

Katika familia nyingi za Nairobi, siku kijana anapopata nafasi ya kusomea udaktari ndiyo siku anayoanza kusamehewa wajibu. Kikao cha ukoo kikiitishwa, mtu husema, "Mwacheni, anasomea udaktari." Binamu akiposwa, harusi ikipangwa, mchango ukipitishwa, mgonjwa akitembelewa, jina lake hurukwa kwa nia njema kabisa, na mama yake akiulizwa kijana yuko wapi, hujibu kwa fahari kwamba yuko na vitabu.

Nimemaliza mwaka wa sita wa masomo hayo na sasa nasubiri kupangiwa hospitali ya mafunzo ya kazi. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza na wa pili huniuliza jinsi nilivyogawa muda kati ya masomo na maisha ya watu, na wengi wao hutarajia niwape ratiba. Ninachoweza kuwapa ni rai: kwamba kinachomtenga mwanafunzi wa udaktari na watu wake ni ule udhuru anaopewa na kila mtu bila kuuomba, hata zaidi ya wingi wa masomo, na kwamba inambidi aukatae mapema, kabla haujawa desturi.

Masomo yenyewe ni mengi, na sitaki mtu adhani ninayapunguzia uzito. Miaka ya mwanzo, pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafunzi hukabiliana na anatomia, fiziolojia na biokemia kwa wakati mmoja. Asubuhi yuko katika maabara ya kupasulia maiti, akifuatilia neva kutoka shingoni hadi kwenye kidole gumba, mikono ikinuka fomalini ambayo sabuni ya kawaida haiimalizi; mchana yuko kwenye mhadhara; usiku anakariri jozi 12 za neva za kichwa, kila moja inaanzia wapi, inapitia tundu gani la fuvu, inahudumia msuli gani, na ikikatika mgonjwa atashindwa kufanya nini. Akihamia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 na leo ndiyo hospitali kubwa zaidi ya rufaa nchini, mzigo haupungui bali hubadilika sura. Sasa anatakiwa awe wodini kabla ya raundi kuanza, awe amezungumza na mgonjwa aliyepewa, amempima, ameandika historia yake, na yuko tayari kuieleza mbele ya daktari bingwa na wenzake huku mgonjwa mwenyewe akisikiliza. Tiba ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, kila idara ina zamu zake, mikesha yake na mtihani wake.

Kwa hiyo udhuru una msingi, na wanaoutoa hawakosei wanapoona kwamba kijana amechoka. Ubaya wake ni kwamba hauna mwisho. Mtihani una tarehe ya kuisha, udhuru hauna. Unaanza mwaka wa kwanza kwa sababu ya anatomia, unaendelea mwaka wa tatu kwa sababu ya wodi, na kufikia mwaka wa sita hakuna anayekumbuka tena sababu, kwa kuwa watu wamekwisha kuzoea kupanga mambo yao kana kwamba wewe mwanafunzi hupo.

Kwa marafiki jambo hili hukaza zaidi kuliko kwa ndugu, maana ndugu hubaki ndugu hata msipoonana. Shahada ya udaktari hapa kwetu huchukua miaka sita, na baada yake kuna mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Rafiki mliyeketi naye dawati moja sekondari, aliyechagua biashara au ualimu, humaliza kwa miaka minne. Anapopokea mshahara wake wa kwanza, wewe bado unazunguka wodini ukijifunza kusikiliza moyo. Anapohamia nyumba yake Rongai au Ruaka na kuwaita watu waje kula, wewe uko zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Utakapofika wewe kwenye mshahara, mtoto wake ameingia chekechea. Hakuna aliyemkosea mwenzake katika hayo yote. Ni miaka tu imepita kwa mwendo tofauti. Hata hivyo urafiki hulishwa na habari ndogo ndogo, nani kabadilisha kazi, nani mama yake anaugua, nani hasemezani na nani na kwa nini, na habari za namna hiyo huwezi kuzikusanya kwa simu moja baada ya mwaka mzima. Huzipata kwa kuwapo zinapotokea.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisikia likisemwa na mtu yeyote nilipoanza, na ndilo ninalotaka wadogo zangu walisikie vizuri. Ukishaondolewa kwenye furaha za watu, huondolewi kwenye maradhi yao. Kijana yule yule asiyealikwa harusini kwa sababu anasoma, ndiye anayepigiwa simu saa tano za usiku mguu wa nyanya unapovimba. Kuanzia mwaka wa kwanza anaitwa "daktari", kabla hajamgusa mgonjwa hata mmoja, na simu zinazoingia ni za presha, za sukari, za karatasi za maabara zilizopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp bila salamu. Ni heshima kubwa, na mimi huzipokea zote ninazoweza, nikimwelekeza mtu kwa daktari aliye na leseni pale ambapo mimi sina ruhusa ya kusema. Lakini ukiwa umetolewa katika mambo mengine yote, watoto wa ndugu zako wanakua wakikujua kama mtu anayetajwa mtu mwingine akiugua. Hilo ni jambo zito. Mtu anaweza kuishi nalo miaka thelathini ya kazi yake, akiheshimiwa sana na ukoo wake na asijulikane nao hata kidogo.

Kwetu aliyeukataa udhuru huo ni shangazi yangu anayeishi mtaa wa Umoja. Familia yetu ina chama kinachokutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila mara nyumbani kwa mtu mwingine, Umoja, Kayole, Kitengela, na michango yake husaidia karo, matibabu, mazishi na nauli za kwenda nyumbani Voi. Nikiwa bado sekondari nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika daftari la chama, kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilipoingia chuoni, mama alisimama kikaoni akaomba niondolewe kazi hiyo, na karibu wote wakaitikia. Shangazi akamuuliza, "Wifi, kwani huko chuoni hawali?"

"Wanakula, wifi."

"Basi Jumapili hiyo atakuja kula hapa, na akishakula ataandika." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, tuletee tarehe za mitihani mapema, tujue siku za kukuacha."

Nilimpelekea. Aliibandika ratiba ile ukutani jikoni kwake, kando ya kalenda ya kanisa, akazungushia kalamu nyekundu wiki zote za mitihani. Mwezi ambao duara jekundu liliangukia Jumapili ya kwanza, binamu yangu aliandika badala yangu na hakuna aliyeninung'unikia. Miezi mingine nilikuwapo. Daftari lile lenye jalada gumu, majina yakiwa kushoto na miezi ikiwa imepangwa kuelekea kulia, lilinipa yale ambayo simu haikuweza kunipa. Nafasi iliyoachwa wazi mbele ya jina la mjomba kwa miezi mfululizo ilinieleza kwamba kazi imekwisha kabla hajamwambia mtu. Mstari wa mkopo ulinieleza nani ana mtoto aliyelazwa. Sikuhitaji kusimuliwa, kwa kuwa mkono wangu ndio uliokuwa ukiandika.

Nimefikiri sana kwa nini mpango wa shangazi ulidumu wakati mipango ya wenzangu wengi ilivunjika, na ninaamini nguvu yake ilikuwa katika ile kazi. Kama ningekuwa nimealikwa kula tu, ningekwenda mara chache za mwanzo, kisha wiki moja ningekuwa na wasilisho la mgonjwa, wiki nyingine ningekuwa nimekesha, na baada ya muda mwaliko wenyewe ungeacha kuja. Mtu anayealikwa anaweza kukosekana na chakula kikaliwa. Mtu mwenye daftari akikosekana, watu thelathini wanakaa wakitazamana. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi anayetaka kubaki na watu ni kwamba asitafute muda wa kustarehe nao, atafute kazi ndogo yenye siku maalumu ambayo wao wanamngojea aifanye. Darasani kwetu kulikuwa na kijana aliyekuwa refa wa mechi za watoto Dagoretti kila Jumamosi asubuhi. Mwingine aliimba besi katika kwaya ya parokia yake na hakukosa mazoezi ila kwa zamu. Dada mmoja alifundisha watoto madrasa Eastleigh mwishoni mwa juma, akawa anasahihisha kazi zao kwenye matatu. Hao watatu walimaliza mwaka wa sita wakiwa na watu wao. Wale waliokuwa wakisema "tutaonana mambo yakitulia" hawakuonana na mtu, kwa maana katika masomo haya mambo hayatulii.

Wapo watakaosema kwamba saa hizo zote zilikuwa za kusoma. Nimewasikia wakisema hivyo, na baadhi yao ni walimu ninaowaheshimu. Lakini yale tunayofundishwa wenyewe kuhusu ubongo hayaungi mkono hesabu hiyo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima ni kiasi gani amesahau baada ya muda mbalimbali. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hushikilia jambo kwa juhudi ndogo kuliko kurudia kwa mkupuo. Tafiti za baadaye zimeongeza suala la usingizi: mtu anapolala, ubongo, hasa sehemu iitwayo hipokampasi ikishirikiana na gamba la ubongo, huimarisha yale aliyojifunza akiwa macho. Mwanafunzi anayekesha na chupa ya kahawa kwa siku tatu mfululizo ananunua kumbukumbu itakayodumu hadi mlango wa chumba cha mtihani, na kwa kazi ambayo yote aliyosoma yatahitajika tena miaka kumi baadaye mbele ya mgonjwa, hiyo ni biashara mbaya.

Saa chache za Jumapili alasiri, basi, haziibwi kwenye anatomia, mradi Jumatatu urudie ulichosoma Ijumaa. Hata hivyo rai hii ina mpaka wake. Wiki za mitihani ni za mitihani, na mwanafunzi anayejipeleka kwenye sherehe siku mbili kabla ya mtihani wa mdomo hafuati ninachokisema hapa.

Kuhusu afya yenyewe, kuna takwimu ambayo ningependa ibandikwe mahali ambapo tunabandika viwango vya kawaida vya presha. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS Medicine uchambuzi wa tafiti 148 zilizojumuisha watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wenye mahusiano hafifu. Tunakariri hatari za sigara na unene hadi tunaziota, na jambo hili tunalipita. Tena Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya toleo la 11 mwaka 2019, lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi, bila kuiita ugonjwa, kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na ufanisi kushuka. Nimeziona alama hizo zote tatu kwa wenzangu ambao walikuwa hata hawajaajiriwa. Walikuwa wanafunzi hodari. Walichokosa ni mtu wa nje ya wodi ambaye angewatazama usoni na kusema, "Wewe, hauko sawa."

Kuwa na watu pia hufundisha udaktari wenyewe, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa wale wanaotaka sababu ya kimasomo. Karibu na Hospitali ya Kenyatta kuna Kenyatta Market, inayojulikana jiji zima kwa nyama choma na kwa wasusi wake. Ukikaa kusukwa pale, wasusi wawili au watatu hushika kichwa kimoja ili wamalize mapema, na kwa saa zote hizo mazungumzo yanapita juu ya kichwa chako. Mimi nilikuwa nikienda na rafiki yangu wa utotoni anayeuza nguo, tukae pamoja, na maelezo yangu ya famakolojia, yaani somo la dawa, yakiwa magotini. Siku moja msusi aliyekuwa upande wangu wa kushoto alikuwa akimweleza mwenzake habari za mama mkwe wake mwenye presha. Alisema, kama mtu anayesifu uhodari, kwamba mama huyo huzikata tembe zake nusu kwa kisu ili zifike mwisho wa mwezi, na siku akijisikia vizuri huziacha kabisa azitunze kwa siku mbaya. Mwenzake akasema hata mama yake hufanya hivyo hivyo, ila yeye humgawia na jirani.

Wodini nilikuwa nimewauliza wagonjwa wengi, "Dawa unakunywa?" nao wote walinijibu, "Ndiyo, daktari." Hawakuwa wanadanganya, nusu tembe nayo ni dawa, na mtu hamwelezi kijana aliyevaa koti jeupe mambo ya pesa yake mbele ya wanafunzi wenzake kumi. Tangu siku ile huwa nauliza dawa zilinunuliwa lini, zilikuwa ngapi, na leo zimebaki ngapi. Majibu ni mengine kabisa. Nimepata kumweleza daktari bingwa kwamba dawa haikushindwa na presha ya mgonjwa fulani, bali mgonjwa alikuwa akimeza nusu yake, na raundi nzima ikageuza mwelekeo wa matibabu. Swali hilo lilitoka Kenyatta Market. Nisingelipata maktaba, na nisingelipata kwa wanafunzi wenzangu, kwa kuwa sisi sote tulikuwa tunauliza kwa namna moja.

Urafiki wa darasani ni kitu kingine, na sitaki kuudharau. Wenzako wa wodini ndio wanaojua kwa nini umenyamaza jioni ile mtoto wa kwanza alipofia mikononi mwa timu yenu, na hakuna ndugu atakayelielewa hilo kama wao. Lakini meza ya madaktari watupu huzungumza wodi tu. Na unapotoka hapo kwenda kwa watu wengine, habari za wagonjwa zinabaki hospitalini, hata zile ambazo hazina jina, maana Nairobi ni kubwa lakini wagonjwa wana majirani.

Kwa wasichana lazima niongeze neno. Katika nyumba nyingi, binti ndiye anayeitwa kuosha vyombo vya sherehe, kupika kwenye matanga na kulea watoto wa wageni, na wapo wenzangu ambao bila ule udhuru wasingepata saa ya kufungua kitabu. Kwao udhuru ni haki, na wasiuachie. Ninachopendekeza ni wautenganishe: wakubali kuondolewa jikoni, wakatae kuondolewa kikaoni. Pesa nazo ni kikwazo cha kweli, kwani nauli, mchango na zawadi havingojei mkopo wa wanafunzi uingie. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kazi badala ya starehe, kwa kuwa anayeandika, anayeimba au anayepuliza kipenga hatozwi kiingilio.

Kwa wazazi, mashangazi na wajomba nina ombi. Msimuulize kijana wenu kama ana nafasi, kwa sababu atajibu hana, naye atakuwa anasema kweli. Mpeni kazi yake, mwambieni siku, mwombeni tarehe za mitihani, na tarehe hizo zikifika mlinde mlango wake hata dhidi ya ndugu.

Sasa tunasubiri orodha ya hospitali. Mmoja wetu anaweza kupelekwa Lodwar, mwingine Kakamega, mwingine asitoke Nairobi. Shangazi amekwisha kuuliza daftari litafanyaje, na tumeafikiana kwamba kwa kuwa michango mingi siku hizi hutumwa kwa M-Pesa, binamu yangu atanitumia orodha Jumamosi, nami nitaandika na kuirudisha ikiwa imejumlishwa kabla ya kikao. Ameomba pia nimtumie ratiba ya zamu mara tu nitakapoipata, na amesema kalamu nyekundu bado anayo.